Mguu wa Mwenye Sukari: Maumivu, Ganzi na Urithi wa Yalisombo



Nimeombwa nizungumzie maumivu ya miguu kwa wenye ugonjwa wa sukari. Nianze na neno ambalo wagonjwa hunibishia: mguu unaouma haunitishi sana. Unaonitisha ni ule uliouma mwaka jana na mwaka huu umetulia wenyewe bila dawa. Mwenye mguu humshukuru Mungu, hudhani amepona, huacha kliniki. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba neva zimekufa, na mlinzi aliyekuwa akipiga kelele hayupo tena.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva pamoja na vishipa vidogo vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu kuliko zote ni zile ziendazo kwenye vidole vya miguu. Ndizo hutangulia kuharibika, kulia na kushoto kwa pamoja, kisha ganzi hupanda taratibu kuelekea magotini. Njiani kuna kipindi cha mateso. Neva iliyojeruhiwa hutuma habari za uongo: nyayo zinawaka moto, shuka ikigusa kidole inauma, wengine husema sisimizi wanawatembea. Usiku ndipo huzidi. Na jambo ambalo ndugu wa mgonjwa hawalielewi ni kwamba huyo huyo anayelia kuwa nyayo zinaungua anaweza kukanyaga msumari asijue. Maumivu na ganzi hukaa katika mguu mmoja.

Si kila maumivu ni hayo. Shavu la mguu likiuma unapotembea kutoka sokoni na kutulia ukisimama, tatizo huenda ni mishipa ya damu iliyoziba. Mguu wa namna hiyo huwa baridi, na mapigo juu ya wayo hayasikiki. Kuna pia lotoko, pombe yetu kali ya kienyeji, ambayo huua neva bila msaada wa sukari, na aliye na vyote viwili ana hatari maradufu. Isoniazidi ya kifua kikuu huleta ganzi ikitolewa bila vitamini B6. Hata metformini, dawa yetu ya kila siku, ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12, nayo ikipungua neva huumia. Daktari asiyeuliza hayo atalaumu sukari kwa makosa ya wengine.

Lipo jingine ambalo hunitia hasira. Mguu mmoja tu umevimba na ukiupapasa kwa mgongo wa mkono una joto kuliko mwenzake, lakini hauumi sana, wala hakuna kidonda. Inawezekana mifupa inavunjika ndani. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina la Charcot, daktari Mfaransa wa karne ya 19. Mitaani husemwa mtu amekanyaga dawa aliyotegewa. Anapelekwa huku na huku, anaendelea kuukanyaga, na baada ya miezi michache wayo umebomoka na umbo lake halirudi. Anayetaka kuombewa aombewe, ila akiwa ameketi na mguu haugusi chini, huku akitafutiwa daktari.

Kuhusu dawa za maumivu nitasema machache, maana hazina maajabu. Parasetamoli husaidia kidogo tu. Diklofenaki inayouzwa kila kona huumiza figo ambazo sukari imekwisha kuzidhoofisha. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huanzwa kwa miligramu 10 au 25 usiku, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu zake. Hukausha kinywa, huweza kumzuia mzee asikojoe, na haifai kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo, kwa hiyo isinunuliwe kwa ushauri wa jirani. Pregabalini na duloksetini zipo kwa mwenye uwezo. Zote hupunguza maumivu, hazifufui neva. Kinachoizuia hali isiendelee ni kuitawala sukari yenyewe, na hapo kuna mtego: mgonjwa aliyekaa na sukari ya juu sana, ikishushwa haraka kwa insulini, maumivu yanaweza kuzidi kwa wiki au miezi kabla ya kutulia. Wengi huitupa insulini wakati huo huo. Muuguzi na amwonye mapema.

Sasa nije kwenye sababu iliyonifanya nikubali kuzungumza hapa na si penginepo. Elimu ya mguu usiohisi ilitoka kwa wagonjwa wa ukoma. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia 1946, alionyesha kwamba vidole vya wenye ukoma haviozi kwa sababu nyama yao ni mbovu. Vinapotea kwa sababu mwenyewe hahisi anapoungua au anapojikata. Usiku panya walikuwa wakiwatafuna bila wao kuamka, hata wakapewa paka. Baadaye huko Carville, Marekani, yeye na wenzake waliitumia elimu hiyo kwa wenye sukari: kuondoa uzito juu ya kidonda kwa plasta ngumu, na kuwashonea viatu vinavyofaa. Msidhani panya ni hadithi ya India ya zamani. Dar es Salaam, Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wameandika juu ya wagonjwa wa sukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini.

Nasi tulikuwa na ukoma, na bado tunao. Daktari Stanley Browne alifika Yakusu, chini kidogo ya mji wetu wa Kisangani kwa mto, mwaka 1936, na kijiji cha Yalisombo kikawa mahali pa kuwatibu wenye ukoma wa pande hizi. Wauguzi wa ukoma wa nchi hii wanajua kupima ganzi, kukwangua sugu kabla haijapasuka, kutengeneza ndala za soli ya tairi zenye mpira laini ndani. Lakini mgonjwa wa sukari hapitii mlango wao. Anapita mlango wa pili, anapimwa damu, anapewa vidonge, anaondoka na viatu vyake miguuni. Naliona hilo kuwa kosa letu la kupanga kazi. Fedha haihusiki sana.

Maana kipimo chenyewe cha ganzi ni bure. Kilitengenezwa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, polepole, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza: kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, miguu yote miwili. Ni vidole sita. Akishindwa kuhisi viwili au zaidi kati ya hivyo, miguu yake iko hatarini. Mtoto wa shule anaweza kumpima bibi yake leo jioni. Kila usiku mgonjwa atazame pia kati ya vidole, maana mvua zetu haziachi ngozi ikauke, na fangasi huipasua. Atafute funza, ambaye mguu wenye ganzi hausikii mwasho wake. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Kabla ya kuvaa kiatu, aingize mkono ndani. Nyumbani pia avae ndala.

Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango wa Step by Step uliwafunza daktari na muuguzi pamoja, wawili wawili kutoka hospitali za mikoani, wakarudi kwao na vifaa vya kawaida. Kukatwa miguu kulipungua kwa waliotibiwa. Sisi tungeanza na mwalimu tuliye naye tayari, yule muuguzi wa ukoma.

Bwana Rekta, naomba wanafunzi wa utabibu wapelekwe kwa muuguzi huyo kabla ya kuhitimu. Nanyi wauguzi wa vituo vya afya, mgonjwa wa sukari akija kwenu Jumatatu, kabla ya kumchoma kidole kwa kipimo, mwambieni avue viatu vyote viwili, na soksi pia.