Siku Mbili za Singapore Kabla ya Kupanda Meli

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Mmetutaka tueleze habari za mji wa Singapore, ambako sisi wanachama wanne tulikaa siku mbili tukingoja meli ya matembezi iendayo Malacca, Penang na Phuket. Habari za meli yenyewe hatutazisema sana, maana kila aliyepanda meli ya namna hiyo husimulia mambo yale yale: vyumba, mabwawa ya kuogelea, na chakula kisichokwisha. Msafiri atokaye uwanja wa ndege akaenda moja kwa moja melini amefika Singapore kwa hesabu ya pasipoti tu. Twaona kwamba zile siku mbili za mjini ndizo zilizotupa faida, na hasa sisi makarani, kwa sababu mtakayoiona tutakapofika kwenye habari za wachuuzi wa chakula.

Singapore ni kisiwa kidogo, eneo lake halifiki kilometa za mraba 750, nao watu wake ni kama milioni sita. Waingereza waliweka kituo chao hapo mwaka 1819, na nchi ikajitegemea mwaka 1965. Lugha za serikali ni nne: Kiingereza, Kimalei, Kichina na Kitamil, na vibao vingine vimeandikwa zote nne. Kutoka uwanja wa ndege wa Changi pana treni ya umeme inayokuleta mjini kwa nauli ndogo sana. Walakini ndani ya treni hiyo hapana ruhusa ya kula wala kunywa, hata maji, na faini yaweza kufika dola 500. Tunda la doriani, ambalo ndugu zetu wa Unguja walijua vema, halikubaliwi kabisa humo kwa sababu ya harufu yake. Tulipoona picha ya doriani imepigwa mstari mwekundu ukutani, mwenzetu aliyezaliwa Unguja alicheka mpaka watu wakamtazama.

Hoteli za kulala ni ghali, hatutawaficha. Chakula ndicho kilicho rahisi, mradi ujue pa kula. Ukiingia katika mkahawa mkubwa wenye vitambaa mezani, bei iliyoandikwa si bei utakayolipa, maana huongezwa asilimia 10 ya utumishi, kisha juu yake kodi ya asilimia 9 iliyowekwa tangu Januari 1, 2024. Chakula cha dola 20 hukutoka dola 24. Lakini kuna majumba ya wachuuzi wa chakula, zaidi ya mia moja kisiwani kote, na humo bei ya kibaoni ndiyo bei ya kulipa. Humo ndimo tulimokula milo yetu yote, isipokuwa mmoja.

Jumba la kwanza tuliloingia huitwa Maxwell, katika mtaa wa Wachina. Ni paa kubwa lililo wazi pande zote, na chini yake safu za vibanda vidogo, kila kibanda na mpishi wake, na kila mpishi na chakula chake kimoja au viwili, asichokibadili labda kwa miaka thelathini. Katikati ni meza zilizokazwa chini. Utamwona karani mwenye tai, mfagiaji wa barabara na mama mwenye watoto wameketi meza moja, wakila kwa haraka bila kuoneana haya. Atakaye mahali pa kukaa huweka pakiti ya karatasi za kufutia mikono juu ya meza, akaenda kupanga mstari kibandani, na hapana atakayeigusa. Mabwana, pakiti ya karatasi! Kwetu hata kofia haingengoja.

Chakula kinachosifiwa sana huko Maxwell ni wali wa kuku wa watu waliotoka kisiwa cha Hainan. Kuku huchemshwa taratibu pasipo maji kutokota kwa nguvu, kisha hutoswa katika maji ya baridi ili ngozi ikaze. Wali hupikwa kwa supu ya kuku yule yule na mafuta yake, pamoja na tangawizi na kitunguu saumu. Ukiutazama wadhani ni wali mweupe mtupu na kuku asiyeungwa. Ukiuonja wajua kwamba kazi yote imefanyika chunguni. Tulilipa dola tano kila mtu.

Asubuhi ya pili tulikula nasi lemak, chakula cha Wamalei, na hapo tulikuwa kama tuko nyumbani Tanga au Mombasa: ni wali wa nazi, na pembeni dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na pilipili ya kusaga. Kadhalika roti prata ya Wahindi ni chapati yetu ya kusukuma, ila wao huitupa hewani ikawa nyembamba kama shuka kabla ya kuikunja. Murtabak ni ule mkate wa mayai wa Mombasa, mkubwa zaidi. Nyama za vijiti, wanazoziita satay, ni mishkaki midogo inayochovywa katika mchuzi wa karanga. Huuzwa jioni kando ya soko la kale la Lau Pa Sat, ambalo ni jengo la chuma la pembe nane lililojengwa mwaka 1894 kwa chuma kilicholetwa kutoka Glasgow. Barabara ya ubavuni hufungwa magari yasipite, meza zikatandazwa, moshi ukapanda kati ya majumba marefu ya mabenki.

Kuagiza kahawa kunataka elimu. Ukisema "kopi" utapewa yenye maziwa mazito ya mkebe na sukari. Ukisema "kopi-o" utapewa nyeusi yenye sukari. Na asiyetaka sukari hana budi kuongeza neno "kosong", maana yake tupu. Bei ni chini ya dola mbili. Pia wenzetu Waislamu hawakupata taabu, kwani vibanda vya halali vimewekewa alama, na hata mahali pa kurudishia sinia pametengwa: za halali mbali, nyingine mbali. Kurudisha sinia si hiari. Tangu Septemba 2021 asiyerudisha huonywa, na akirudia hutozwa faini.

Sasa, mabwana, majumba hayo yalitoka wapi? Baada ya vita vya pili vya dunia watu wengi wasio na kazi walikuwa wakiuza chakula barabarani, kama kwetu. Maji walichota ndooni, vyombo vikaoshwa katika maji yale yale kutwa, na taka zikatupwa mitaroni na mtoni. Maofisa waliwakimbiza na kuwanyang'anya mikokoteni. Kesho yake walikuwa wamerudi. Katika miaka ya 1968 na 1969 serikali ilifanya jambo jingine: iliwaandika. Karani alikwenda na daftari, akaandika jina la kila mchuuzi na anachouza. Walipatikana kiasi cha 18,000, wakapewa leseni za muda. Kisha tangu mwaka 1971 yakaanza kujengwa majumba yenye bomba la maji, mfereji wa maji machafu, umeme na vyoo, na watu wakahamishwa mtaa kwa mtaa, mpaka mwaka 1986 kazi ilikuwa imekwisha. Mwaka 1997 wakaanza kupewa herufi za usafi, A mpaka D, zilizotundikwa kibandani mbele ya macho ya mlaji. Mwaka 2016 vibanda viwili vya wachuuzi vilipata nyota ya Michelin, heshima ambayo hoteli kubwa za Ulaya huililia; na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kikiuza wali wa kuku kwa dola mbili. Na Desemba 2020 UNESCO iliandika desturi hii ya wachuuzi katika orodha ya urithi wa binadamu.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa asali. Wachuuzi hawakuulizwa kama wataka kuhama, waliamriwa. Wako waliolalamikia kodi ya vibanda, na wako waliohofu kuwapoteza wateja waliowazoea. Na leo wapishi wengi ni wazee, kwani vijana hawapendi kazi ya kuamka usiku na kusimama mbele ya moto mpaka jioni. Mambo haya yafaa yasemwe pia.

Lakini jambo lililotushika sisi wanne, tukalizungumza mpaka usiku, ni lile daftari. Katika miji yetu mama ntilie hufukuzwa asubuhi, sufuria zake zikamwagwa, na adhuhuri amerudi mahali pale pale. Ilani ya kumfukuza huchapwa na nani? Ni sisi. Na saa sita mchana twala wapi? Ni kwake. Bwana Afya anayetaka kumkagua hana orodha ya majina wala hajui atampata wapi kesho, na mama naye hana bomba hata kama angetaka kuosha vyombo vizuri. Kuandika majina hakutaki fedha nyingi. Hutaka kalamu, daftari, na karani mwaminifu asiyepokea kitu chini ya meza.

Turudi kwenye safari, maana tulibakiwa na siku moja ya maduka. Barabara ya Orchard, ambayo zamani ilikuwa mashamba ya kungumanga na pilipili manga, sasa ni maduka makubwa ya kioo kutoka mwanzo hata mwisho. Tulipita, tukapata ubaridi wa bure, tukatoka.

Mtaa wa Wahindi ndio wa watu wa mfuko kama wetu. Hapo pana soko la Tekka: chini ni samaki, nyama ya mbuzi, bamia, viungo na vibanda vya biriani, juu ni nguo na mafundi cherehani. Si mbali sana lipo duka la Mustafa, lililoanza kuwa duka dogo la nguo na sasa ni ghorofa juu ya ghorofa za dhahabu, saa, mchele, dawa, masanduku na redio. Bei zake zimeandikwa, hakuna kupatana, nalo hufunguliwa mpaka usiku mwingi. Tulinunua humo Tiger Balm kwa ajili ya wazee, na vifaa vya umeme viwili vitatu, kwa kuwa vichwa vya nyaya zao ni vya pini tatu za mraba kama zetu na umeme wao hauna tofauti ya kutuhangaisha. Shauri letu ni kwamba mtu aandike bei za nyumbani kabla ya kusafiri; vitu kadha wa kadha si rahisi zaidi kuliko vya kwetu.

Mtaa wa Kampong Glam ulitugusa zaidi kwa historia yake. Hapo ndipo ulipo Msikiti wa Sultani, uliokamilika mwaka 1932. Chini ya kuba zake pana ukanda mweusi unaong'aa, nao umefanywa kwa vitako vya chupa zilizotolewa na Waislamu maskini, ili wasio na fedha nao wawe na fungu lao katika jengo. Kando yake ni Arab Street, yenye batiki, saruni, mazulia na manukato. Waarabu waliofanya biashara hapo wengi asili yao ni Hadhramaut, nchi ile ile walikotoka Washihiri wa Unguja, Lamu na Mombasa; na jina la Aljunied limo mpaka leo katika barabara na stesheni za mji. Zamani, kabla ndege hazijashika safari ya Hija, mahujaji kutoka Java na visiwa vingine walikuja kungoja meli ya Jidda katika mtaa wa Bussorah. Walipanga vyumba, wakala, wakanunua nguo na vyombo vya safari, wakiulizana kila siku habari za meli. Kwa hiyo kuzunguka maduka ya Singapore ukingoja meli si desturi iliyoanzishwa na watalii.

Neno la mwisho ni la bandari. Meli za abiria huondokea mahali pawili: Marina Bay, penye kituo kilichofunguliwa mwaka 2012 na stesheni iitwayo Marina South Pier, na HarbourFront, upande mwingine wa mji. Tiketi husema ni wapi, na saa ya mwisho ya kukubaliwa si saa ya kuondoka meli, bali ni mapema zaidi. Tulimwona mzee mmoja na mkewe wakishushwa mizigo Marina Bay, meli yao ikiwa HarbourFront. Dereva aliwarudisha garini mbio, na hatukujua yaliyowapata. Chakula kilichopikwa msichukue, maana mizigo hukaguliwa kama ya ndege, na bandari za mbele zina sheria zake za nyama na matunda.

Ramani, orodha ya bei tulizolipa, na rasimu ya barua kwa Halmashauri ya Mji juu ya kuandikwa kwa wauza chakula na kupatiwa bomba katika viwanja viwili vya sokoni, zote ziko kwa Bwana Katibu. Ramani irudishwe. Barua itajadiliwa mkutano ujao, na atakayependa kuongeza jambo aliandike pembeni kwa kalamu ya risasi.