Rambirambi na Hesabu: Jinsi Umma Unavyopokea Kifo cha Mtu Mashuhuri Aliyeendesha Gari Akiwa Amelewa

Mtu mashuhuri anapokufa katika gari aliloliendesha mwenyewe akiwa amelewa, umma hutakiwa kufanya kwa pamoja mambo mawili ambayo kwa kawaida hufanywa na watu tofauti, mahali tofauti na kwa nyakati tofauti: kuwapa pole wafiwa na kumhukumu mkosaji. Katika vifo vingi vya barabarani kazi hizi hutengana zenyewe, kwa kuwa jamaa na majirani huenda msibani, ilhali polisi, mahakama na magazeti hushughulika na dereva, ambaye mara nyingi hana uhusiano wowote na wale wanaolia. Katika vifo vinavyozungumziwa hapa marehemu na mkosaji ni mtu mmoja, naye anajulikana na mamilioni. Makala hii inadai kwamba ugomvi unaofuata vifo vya namna hii hautokani sana na tofauti kati ya watu wenye huruma na watu wakali, kama inavyodhaniwa, bali unatokana na hadhira mbili zilizowekwa mahali pamoja na kulazimishwa kusikilizana. Na kwamba hadhira hizo zikigombana, mtu wa tatu, yaani abiria aliyekufa pamoja na dereva, husahauliwa na pande zote mbili.

Ulevi unaozungumziwa hapa ni ule unaopimwa maabara, si ule wa kukisiwa kwa macho. Kipimo chake ni uzito wa kilevi katika kiasi maalumu cha damu, na katika majimbo mengi ya Marekani dereva huhesabiwa kuwa amevunja sheria anapofikisha miligramu 80 katika kila mililita 100 za damu, kiwango ambacho kimewekwa pia na sheria ya usalama barabarani ya Tanzania. Nchi kadhaa za Ulaya, zikiwemo Austria na Ufaransa, zimeteremsha mpaka huo hadi miligramu 50.

Saa chache za Twitter

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi ni kifo cha Ryan Dunn, mmoja wa waigizaji wa kipindi cha televisheni cha Jackass kilichoanza kurushwa na MTV mwaka 2000, ambacho burudani yake ilikuwa ni kuwatazama vijana wakihatarisha miili yao kwa makusudi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni 2011, baada ya kutoka katika baa moja mjini West Chester, Pennsylvania, Dunn, aliyekuwa na umri wa miaka 34, aliendesha gari lake aina ya Porsche kwa mwendo ambao polisi walikadiria kuwa ulikuwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, katika barabara yenye ukomo wa takribani kilomita 88. Gari liliruka kingo za barabara, likaingia msituni, likagonga mti na kuteketea kwa moto. Abiria wake, mwanamume aliyewahi kufanya kazi katika filamu za kundi hilo, alikufa pamoja naye. Muda mfupi kabla ya hapo Dunn alikuwa ameweka mtandaoni picha iliyomwonyesha akinywa na rafiki zake.

Siku hiyohiyo mhakiki wa filamu wa Chicago, Roger Ebert, aliandika katika Twitter sentensi moja fupi iliyochezea jina la kipindi hicho pamoja na kaulimbiu maarufu ya Marekani inayowataka watu wasiwaache rafiki zao waendeshe magari wakiwa wamelewa. Bam Margera, rafiki wa Dunn na mwenzake katika kipindi, alimjibu kwa matusi, akieleza kwamba alikuwa amempoteza rafiki yake mkubwa na kwamba watu walikuwa bado wanalia. Mashabiki walijaza malalamiko katika ukurasa wa Ebert wa Facebook hadi ukaondolewa kwa muda, na kampuni hiyo ilipourudisha ilieleza kwamba uliondolewa kwa makosa. Ebert mwenyewe, baada ya kutoa pole kwa wafiwa, alikiri kwamba huenda alifanya haraka, ila hakuukana ujumbe wake kuhusu pombe na uendeshaji.

Wengi waliolieleza tukio hilo wakati ule walilifanya kuwa shauri kati ya adabu na ukweli, lakini maelezo hayo yanaruka mambo mawili. La kwanza ni kwamba matokeo ya vipimo vya damu yalitangazwa tarehe 22 Juni, yakionyesha miligramu 196, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sheria. Maana yake ni kwamba Ebert alipoandika, ushahidi uliokuwepo hadharani ulikuwa picha moja na uvumi. Matokeo ya baadaye yalithibitisha aliyoyasema, lakini hayabadilishi ukweli kwamba alihukumu kabla ya ushahidi kufika, na kosa hili la uandishi ni zito kuliko lile la ukosefu wa adabu ambalo ndilo aliloshtakiwa nalo. La pili ni kwamba Ebert hakuwa mtu wa nje aliyewacheka walevi. Aliacha pombe mwaka 1979 na mwaka 2009 aliandika waziwazi kuhusu ulevi wake, na kwa kuwa maradhi yalikuwa yamemwondolea uwezo wa kusema tangu mwaka 2006, maandishi ya mtandaoni yalikuwa ndiyo sauti yake. Maneno yaleyale, yangesemwa katika mkutano wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, yangepokewa kama onyo la mwenzao. Yaliposomwa na mtu aliyekuwa bado hajazika, yakawa tusi.

Mtandao wa kijamii hauna ua wa msiba wala ukumbi wa mahakama. Anayeandika kwa ajili ya wasomaji wake husomwa papo hapo na mama wa marehemu, na anayemlilia rafiki yake husomwa na mtu ambaye mtoto wake aliuawa na dereva mlevi. Si sahihi, hata hivyo, kusema kwamba mtandao ndio ulioleta ukatili huu. Ulichofanya ni kuziondoa kuta zilizokuwa zikizuia maneno ya hadhira moja yasiifikie nyingine.

Majonzi ya mtu asiyekutana na marehemu

Ukali wa mashabiki hauwezi kueleweka bila kurejea makala ya mwaka 1956 ambamo Donald Horton na Richard Wohl walieleza uhusiano wa upande mmoja, yaani hali ambapo mtazamaji humzoea mtu wa televisheni hadi akamhesabu kuwa ni mwenzake, ilhali mtu huyo hajui hata kama yeye yupo. Uhusiano wa namna hiyo ukikatwa na kifo, majonzi huwa ya kweli lakini hayana mahali rasmi pa kukaa: shabiki hapewi ruhusa kazini, hapelekewi rambirambi, wala hana kiti miongoni mwa wafiwa. Kenneth Doka, mtafiti wa masuala ya kufiwa, alieleza mwaka 1989 majonzi ya aina hii ambayo jamii haiyatambui wala kuyapa haki ya kuonyeshwa. Kifo kikiwa kimesababishwa na kosa la marehemu mwenyewe, hata nafasi ndogo ya kuomboleza iliyobaki hufungwa, kwa kuwa anayelia huulizwa analilia nini. Hasira ya mashabiki wa Dunn inaweza kusomwa, kwa sehemu, kama madai ya kupewa nafasi ya kuomboleza, hata kama ilitolewa kwa lugha ya baa.

Lawama inapotafuta pa kutua

Umma ukishindwa kumlaumu marehemu, mara nyingi lawama hupelekwa kwingine. Princess Diana alipokufa mjini Paris tarehe 31 Agosti 1997, hakuwa yeye aliyeendesha, lakini mwenendo wa lawama ni uleule: hasira ya kwanza iliwaangukia wapiga picha waliolifuata gari, na ilipotangazwa siku iliyofuata kwamba dereva, Henri Paul, alikuwa na kilevi zaidi ya mara tatu ya kiwango cha Ufaransa, wako waliokataa matokeo hayo na kuzungumzia njama. Mwaka 2008 jopo la raia katika uchunguzi wa kifo hicho jijini London liliamua kwamba kifo hicho kilitokana na uzembe mkubwa wa dereva huyo pamoja na wa magari yaliyowafuata. Uamuzi huo, uliogawa lawama kwa wote wawili bila kufuta sehemu ya yeyote, ulichukua zaidi ya miaka 10 kupatikana.

Kisa cha Jörg Haider ni cha kisiasa zaidi. Mwanasiasa huyo wa mrengo wa kulia, aliyekuwa gavana wa jimbo la Carinthia nchini Austria, alikufa peke yake tarehe 11 Oktoba 2008 karibu na Klagenfurt, akiendesha kwa kilomita 142 kwa saa mahali penye ukomo wa 70, huku damu yake ikiwa na gramu 1.8 za kilevi kwa kila lita, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha nchi yake. Habari za pombe zilikuwa zimekwisha kutangazwa alipozikwa wiki moja baadaye, na bado maelfu kwa maelfu ya watu walijaa Klagenfurt, viongozi wa juu wa serikali wakihudhuria. Nadharia za njama zilizagaa, daraja moja juu ya mto Drau likapewa jina lake, na mwezi Machi 2009 chama chake kikapata takribani asilimia 45 ya kura za jimbo hilo. Wafuasi wake hawakuhitaji kukanusha kipimo cha maabara; iliwatosha kukiona kuwa hakihusiani na mtu waliyemjua. Ni vigumu kudhani kwamba dereva wa lori mwenye kiwango hichohicho cha kilevi angesamehewa kwa urahisi huo katika jimbo lilelile.

Mwanasosholojia Joseph Gusfield, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu utamaduni wa matatizo ya umma, alionyesha kwamba picha ya dereva mlevi kama mwovu wa pekee ni njia moja tu kati ya nyingi za kulieleza tatizo, kwa kuwa mtu angeweza pia kuuliza juu ya ubora wa magari, ukosefu wa usafiri wa umma usiku, au mpango wa miji ambamo baa hujengwa zikiwa na maegesho makubwa ya magari. Hoja hiyo ina nguvu, lakini katika vifo vya watu mashuhuri hutumika kwa upendeleo: wasiojulikana hulaumiwa wao wenyewe, na wanaojulikana hulaumiwa mazingira yao.

Abiria

Mchoraji Jackson Pollock alikufa tarehe 11 Agosti 1956 huko Springs, jimbo la New York, akiendesha akiwa amelewa, na mwanamke kijana aliyekuwa ndani ya gari hilo alikufa pamoja naye. Kwa miongo kadhaa kifo hicho kilisimuliwa kama mwisho uliostahili kipaji chenye dhoruba, na mwanamke huyo alitajwa pembeni, ikiwa alitajwa. Miaka 55 baadaye abiria wa Dunn alipatwa na hali hiyohiyo. Waliomtetea Dunn walilia kwamba heshima ya marehemu imevunjwa, waliomshutumu walizungumzia hatari aliyowaletea watu barabarani, na katika mabishano hayo aliyekwisha kuuawa na hatari hiyo alitajwa kwa nadra, ingawa familia yake nayo ilikuwa msibani, ikisoma maneno yaleyale. Kama upande wa mashabiki ungemhesabu kuwa ni marehemu, usingeweza kudai kwamba kuitaja pombe ni kukosa heshima; na kama upande wa wakosoaji ungemhesabu, usingefanya mzaha.

Kwa msomaji wa Kiswahili hoja ya kutomsema marehemu ina mizizi mirefu. Mafundisho ya Kiislamu yanahimiza kutaja mema ya waliotangulia, na katika misiba ya bara na pwani usemi kwamba kazi ya Mungu haina makosa hufunga maswali mengi. Lakini desturi hizohizo zina sehemu ambayo watetezi wa ukimya huisahau: kabla au baada ya maziko, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu aonane na jamaa zake. Hesabu, basi, haifukuzwi msibani, bali hupewa msemaji, wakati wake na watu wa kuipokea. Hakuna anayemwona mdai kuwa ni adui wa marehemu, wala anayeona kwamba machozi yamelifuta deni.

Mpangilio unaokaribia huo ulionekana, pengine bila kukusudiwa, mjini St. Louis mwaka 2007. Josh Hancock, mrushaji mpira wa timu ya besiboli ya Cardinals, alikufa tarehe 29 Aprili baada ya kuligonga gari la kuvuta magari mabovu lililokuwa limesimama barabarani kumsaidia dereva mwingine. Kocha wake, Tony La Russa, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa amekamatwa Florida kwa kosa la kuendesha akiwa amelewa, hakuficha hasira yake kwa waandishi waliouliza juu ya pombe kabla ya matokeo. Timu ilikwenda kumuaga mwenzao Mississippi, kisha polisi wakatangaza kwamba Hancock alikuwa na miligramu 157 za kilevi, na uongozi wa timu ukapiga marufuku pombe katika chumba cha wachezaji uwanjani kwao. Baba yake aliwashtaki wenye mgahawa alimokunywa mwanawe, kampuni ya gari lililogongwa, dereva wake, na hata yule aliyekuwa akisaidiwa barabarani. Miezi michache baadaye aliiondoa kesi hiyo mahakamani.