LAKIRI HAIMKAMATI MWIZI

Maelezo haya yalitolewa na mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana wa chama, Temeke, Dar es Salaam. Tunayachapa kama yalivyosemwa.



Nimeombwa niseme juu ya wizi wa mizigo kwenye malori. Mada hii si ngeni hapa. Wengi tuliomo humu tunakula kwa sababu ya malori: madereva wapo, utingo wapo, wapakiaji wapo, mafundi wa matairi wapo, na wanaouza maji na karanga kwenye foleni ya Barabara ya Mandela wapo pia. Kwa hiyo sitawafundisha lori ni nini. Nataka tujiulize jambo moja tu: kwa nini ulinzi unaongezeka na wizi hauishi?

Tuanze na mali yenyewe. Lori la shaba kutoka Kongo au Zambia hubeba kiasi cha tani 30. Mei 2024 bei ya shaba kwenye soko la London ilivuka dola 10,000 kwa tani. Pigeni hesabu wenyewe. Ni dola 300,000 juu ya tela moja, zimefungwa kwa minyororo na turubai. Mzigo huo unaingia Tunduma, unapita Mbeya, Makambako, Iringa na Morogoro mpaka bandarini, zaidi ya kilometa 900 ndani ya nchi yetu peke yake. Anaulinda nani? Dereva mwenye usingizi na utingo anayelala chini ya tela. Mishahara yao mnaijua kuliko mimi.

Wizi wenyewe uko wa namna tatu.

Kwanza ni wa kuparamia. Lori lenye mzigo likifika mlima kama Kitonga, linapanda kwa gia ndogo, mtu wa miguu anaweza kulifuata. Kijana anadandia nyuma, anachana turubai, anaangusha chini anachokiweza, wenzake wanaokota. Huyu ndiye mwizi anayeonekana, na ndiye anayepigwa mawe.

Pili ni wa mafuta. Dizeli inanyonywa kwenye tangi usiku, madumu yanajazwa, asubuhi yanauzwa pembeni mwa barabara. Tusidanganyane, ndugu zangu. Mara nyingi dereva mwenyewe yumo, kwa sababu posho ya safari imeishia njiani.

Tatu ni wa makaratasi, na huu ndio mkubwa. Mtu anakuja na lori, namba za gari, leseni na barua yenye mhuri. Anapakiwa kwa heshima zote, anafunguliwa geti, anapigiwa saluti na mlinzi. Mzigo haufiki. Hapakuwa na panga wala bunduki. Huyo alijua mzigo gani unatoka, siku gani, kwa wakala gani. Nani alimwambia? Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tutazame dawa zinazotumika.

Wanasema lakiri. Lakiri ni kitu kizuri, lakini kazi yake ni kukwambia kwamba mlango umefunguliwa. Haimzuii wa kuufungua. Na wajanja wanajua kung'oa misumari ya mlango wa kontena, wakatoa mali, wakaurudisha, lakiri ikabaki nzima kama ilivyotoka bandarini. Mwenye mali anapokea kontena lenye lakiri safi na nusu ya mzigo. Hapo anayekamatwa ni dereva, ambaye hakuwahi kuuona huo mzigo ukihesabiwa.

Wanasema GPS na lakiri za kielektroniki. Hizo nazo zinasaidia. Lakini kioo cha kompyuta mjini kinaonyesha gari limesimama porini saa nane za usiku, basi. Aliye mbele ya kioo yuko kilometa 400 kutoka hapo. Akipiga simu kituo cha polisi kilicho karibu, akaambiwa gari halina mafuta, atafanya nini? Vipo pia vifaa vidogo vya kuvuruga mawimbi, na hapo hata hicho kioo kinakuwa kipofu.

Wanasema polisi wasindikize. Chukueni mfano wa malori 1,000 kwa siku, kila moja askari wawili. Ni askari 2,000 barabarani kila siku, na nyumba zetu huku Temeke nani atazilinda?

Msidhani haya ni ya umaskini wetu tu. Marekani wana kamera, wana satelaiti, wana kila kitu. Mwaka 2024 CargoNet, wanaoandikisha wizi wa mizigo, walihesabu matukio 3,625 Marekani na Kanada, ongezeko la asilimia 27 juu ya mwaka uliotangulia. Na wezi wa huko nao wamehamia kwenye makaratasi na udanganyifu. Kwa hiyo anayewaahidi kwamba atamaliza wizi wa malori kwa kununua mashine, muulizeni nani anauza hiyo mashine.

Lipo lakini linalowezekana. Bamba la shaba haliliwi, wala mtu hawezi kuvaa roli nzima ya vitenge. Mwizi wa barabarani anaiba kwa sababu yupo mtu mwenye ghala, au mwenye yadi ya chuma chakavu, anayelipa taslimu bila kuuliza. Sheria ipo. Kanuni ya Adhabu inataja wizi wa mali iliyo safarini, na inamtaja pia anayepokea mali ya wizi. Lakini nendeni mahabusu mkatazame nani amejaa mle. Utamkuta utingo na mpakiaji. Mwenye ghala hayupo, labda jioni yuko kwenye harambee anachangia.

Na wakubwa nao wana yao. Novemba 2015 Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Majaliwa, alikwenda bandarini akasema makontena 349 yametoka bila kulipiwa kodi, Sh. bilioni 80. Hakuna kijana aliyeparamia mlima hapo. Makontena hayapiti getini kwa kuruka ukuta. Baadhi ya maofisa wakasimamishwa kazi. Mtu anayetaka kujua ulinzi unaishia wapi, ajifunze hapo: unaishia kwenye kalamu ya aliyepewa kulinda.

Vijana wenzangu, tudai yafuatayo. Maegesho yenye uzio na taa kwenye barabara kuu, ili dereva alale bila kufumbua jicho moja. Mikataba ya kazi kwa madereva na utingo, si kuajiriwa kwa mdomo na kukatwa kila mzigo ukipungua. Vitabu vya wanunuzi wa chuma chakavu vikaguliwe. Hata tukiyapata yote, wizi hautakwisha, utapungua. Kupungua si kitu kidogo.

Na wewe dereva, usisaini mzigo usiouhesabu. Kama ni kontena lililofungwa, andika namba ya lakiri, piga picha milango na misumari yake kabla ya kutoka. Hiyo picha inaweza kukutoa rumande.

La mwisho ni kwa aliyekwisha kuitwa pembeni akaambiwa kuna dili. Mshiko wako ni wa kula wiki mbili. Likiharibika, aliyekutuma hakujui, na barabarani hakuna hakimu, kuna tairi na petroli. Wangapi tumewazika mtaani kwa namna hiyo, na ni tajiri gani alikuja msibani?