Sauti Iko Njiani



Zamani, kabla sijaingia chuo cha theolojia, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja niliwatoa watoto nje tupime mwendo wa sauti. Kwa kamba ya mita 20 tulipima barabara iliyonyoka mara 34, yaani mita 680. Kule mwisho, mvulana mmoja alitundika kengele yetu ya shule, rimu ya gurudumu la lori, kwenye tawi la mti. Chuma cha kupigia tulikifunga kitambaa cheupe, ili mkono wake ukishuka tuuone.

Nikapunga bendera. Macho yangu yalikuwa kwenye saa, wala sikumtazama mvulana. Mlio ulipofika nikakasirika, nikasema, "Mtoto huyu mvivu, amechelewa kupiga!" Msichana mmoja akanijibu kwa adabu, "Hapana, Mwalimu. Alipiga mara tu ulipopunga. Mimi nilimwona. Sauti ndiyo iliyokuwa njiani."

Nikaona haya. Tukarudia mara nyingi, tukianza kuhesabu kitambaa kiliposhuka. Kila mara ilikuwa karibu sekunde 2. Watoto wakagawanya, wakapata kama mita 340 kwa kila sekunde. William Derham, kasisi wa Kianglikana wa Upminster, Uingereza, alifanya vivyo hivyo. Kutoka mnara wa kanisa alitazama kwa darubini mwako wa bunduki zilizopigwa mbali, akahesabu hata aliposikia mlio. Alitangaza hesabu yake mwaka 1709.

Ndugu zangu, someni Danieli, sura ya 10. Danieli aliomba na kuomboleza majuma matatu pasipo jibu. Hatimaye mjumbe akamwambia kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ile ya kwanza. Jibu lilikuwa njiani siku 21.

Mama mmoja wa kanisani kwangu ana mwana aliyeondoka nyumbani miaka mingi iliyopita, asiandike hata barua. Aliniuliza, "Padri, hivi Mungu amenisikia?" Sikuthubutu kumwahidi kwamba mwanawe atarudi. Hata leo hajarudi. Lakini nilimkumbuka yule mvulana niliyemshtaki bure kwa sababu sikumtazama. Nikamwambia, "Mama, tutazame msalabani. Pale Mungu amekwisha kutenda, nasi tumeona. Tusimwite mvivu kwa kuwa masikio yetu bado hayajapata kitu."

Nawe unayengoja leo, karibu na kitanda cha mgonjwa au mlangoni pa ofisi, usiitazame saa peke yake. Mtazame Yeye.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulipokushtaki kwa kukawia. Uwashike wanaongoja, na mama huyu pamoja nao, hata sauti yako itakapofika. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.