Safari ndefu na mbwa wako: anza na kadi ya chanjo

(Maelezo yaliyotolewa kwa wanakisomo, Nyarugusu)



Mavuno yakishaingia ghalani, watu hupata nafasi ya kupumzika. Hata mchimba dhahabu hutoka duarani akaenda kuwaona wazee wake. Wako wanaopanda basi. Na wako wanaopenda kwenda kwa miguu siku tatu nne, wakalala kwa jamaa njiani, na mbwa wao yuko mbele. Basi lenyewe mara nyingi halimtaki mbwa. Leo nataka tuzungumze juu ya safari hiyo ya miguu.

Kutembea na mbwa masafa marefu si jambo jipya katika nchi hii. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 akiwa na mbwa watano kutoka Uingereza. Alifika Kageyi, kando ya Ziwa Viktoria, tarehe 27 Februari 1875. Alikuwa na wapagazi wengi, bunduki na mizigo ya kila namna, lakini wengi wa mbwa wale walikufa safarini. Basi tusidhani kwamba mbwa atajitunza mwenyewe.

Je, matayarisho yanaanza wapi? Wengi watasema chakula. Mimi nasema yanaanza na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kijijini mbwa wako anajuana na mbwa wa majirani. Njiani atakutana na mbwa asiowajua, watapigana, wataumana. Mate ya mbwa mgonjwa yakiingia kwenye jeraha, ugonjwa umeingia. Na mbwa huyo ndiye atakayelala mlangoni kwa shangazi yako, kwenye watoto.

Chanjo haifanyi kazi siku ile ile. Mwili wa mbwa unahitaji wiki tatu hivi mpaka mwezi kujenga kinga. Kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme unataka kuondoka Sabasaba, yaani tarehe 7 Julai. Rudi nyuma siku 30. Unapata tarehe 7 Juni. Basi siku hiyo mbwa awe ameshachomwa sindano. Ukimpeleka kwa bwana mifugo tarehe 6 Julai, umempa chanjo, lakini unaondoka naye bila kinga.

Kama alichanjwa zamani, soma kadi yake. Zamani tulimpa mtu mwingine atusomee. Sasa soma mwenyewe: tarehe ya chanjo, na tarehe ya kurudia. Kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Kadi ikiwa imepotea, muulize bwana mifugo, usibahatishe. Muulize pia kama unahitaji kibali cha kumhamisha mnyama.

Sasa, mtu akiumwa na mbwa njiani afanye nini? Hapa nawaomba mnisikilize sana. Aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, lakini zitimie. Asipake majivu, wala pilipili, wala mafuta. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo. Sindano si moja. Tarehe zake zitaandikwa, naye azifuate zote. Asingoje kuona kama ataugua. Ugonjwa huu unaweza kujificha mwilini wiki nyingi, hata miezi, na mtu anajiona mzima. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Si kila zahanati ina dawa hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuondoka chukua daftari, uandike njia yako. Tuseme unakwenda Kahama kwa kupitia Bukoli na Kakola. Uliza ni hospitali gani njiani ina chanjo ya watu, uandike jina lake na namba ya simu. Daftari hilo ndilo la kubeba, kuliko sufuria ya pili.

Mbwa mpole akibadilika ghafla, akawa mkali au akajificha, akadondosha mate na kushindwa kumeza, usimguse. Waite watu wa mifugo.

Mambo mengine ni mepesi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje. Kwa hiyo tembeeni alfajiri na jioni, na saa sita mkae kivulini. Kilomita 20 kwa siku zinamtosha mbwa aliyezoezwa. Aliyezoea kulala chini ya ghala aanze mazoezi wiki kadhaa kabla. Beba kidumu cha maji yake. Kwetu hapa hili lina sababu zaidi: asinywe maji ya mialoni, wala ya madimbwi karibu na makarasha. Huko kuna zebaki, na penginepo sayanaidi. Na pale penye maduara ya zamani yasiyofunikwa, mfunge kamba.

Mwenye kuelekea upande wa Chato na Biharamulo akumbuke kwamba tangu 2019 kuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Humo mbwa haruhusiwi. Ukikutwa ndani na mbwa, utachukuliwa kuwa mwindaji haramu, na kusema uko likizo hakutakusaidia.

Mwisho, mpelekee mwenyeji wako habari mapema kwamba unakuja na mbwa. Wako wasiomtaka ndani kwa sababu ya dini, na wako wenye kuku wengi. Ukifika, mfunge kwanza kivulini, mpe maji, halafu ndipo uamkie wazee. Watoto waambie wasimguse anapokula. Amechoka, hawajui, na chakula ni chake.