Mchango wa Skullyville kwa Wenye Njaa wa Ayalandi



Tarehe 23 Machi, mwaka wa 1847, watu walikutanika katika mji mdogo uitwao Skullyville, magharibi ya mto Mississippi, katika nchi ya Marekani. Mkutano ulikuwa na shauri moja tu, nalo ni kuchanga fedha kwa ajili ya watu wa Ayalandi waliokuwa wakifa kwa njaa. Waliotoa sehemu kubwa ya mchango huo walikuwa Wachoctaw, kabila mojawapo la wenyeji wa asili wa Marekani. Ayalandi ilikuwa mbali nao kwa maelfu ya maili, nchi kavu na baharini, na watu wake hawakuwa jamaa zao, wala hawakuwa wa dini moja na wengi wao, wala hawakuwa wamewatendea Wachoctaw fadhili yoyote iliyodai malipo. Fedha zilizopatikana siku ile zilikuwa dola 170.

Ili kuupima mchango huo yafaa kwanza kueleza msiba wenyewe. Wakati ule maskini wa Ayalandi waliishi kwa viazi. Mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi aliweza kulisha jamaa yake yote kwa viazi na maziwa kidogo, na nafaka aliyolima au nguruwe aliyemfuga aliviuza ili kulipa kodi ya shamba kwa mwenye ardhi. Katika mwaka wa 1845 ukatokea ugonjwa wa ukungu. Majani ya viazi yaligeuka meusi kwa siku chache, na viazi vilipochimbwa vilikuwa vimeoza na kutoa uvundo. Mwaka wa 1846 ugonjwa ukarudi kwa nguvu zaidi na kuharibu karibu mavuno yote. Mkulima wa Kinangop au wa Meru hana haja ya kuelezwa zaidi, maana ugonjwa ni ule ule unaompata yeye mvua na baridi zinapozidi. Nao uliingia Kenya mwaka wa 1941.

Ukungu uliua viazi, lakini haukuwa peke yake katika kuua watu. Katika miaka hiyo hiyo nafaka na wanyama waliendelea kupakiwa melini na kupelekwa Uingereza kuuzwa, kwa sababu wenye njaa hawakuwa na fedha za kuvinunua. Serikali ya London, iliyoongozwa na Lord John Russell, iliamini kwamba haifai kuingilia biashara ya chakula. Iliwapa watu kazi za kujenga barabara kwa ujira mdogo, na wengi wakaanguka na kufa wakiwa kazini. Baadaye ikafungua majiko ya supu, kisha ikayafunga upesi. Wenye mashamba waliwafukuza wapangaji walioshindwa kulipa kodi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1841 ilionyesha watu zaidi ya milioni 8 katika Ayalandi; ile ya mwaka wa 1851 ilionyesha kama milioni 6 na nusu. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja walipanda meli na kuhama.

Habari hizo zilienea ulimwenguni. Katika Calcutta, huko Bara Hindi, palifanywa mchango. Malkia Victoria alitoa pauni 2,000, na Sultani Abdulmejid wa Uturuki akatoa pauni 1,000. Katika miji mingi ya Marekani ziliundwa kamati, na mojawapo ilikuwa katika mji wa Memphis, kando ya mto Mississippi. Kamati hiyo ndiyo iliyotoa waraka uliopelekwa Skullyville na kusomwa mbele ya mkutano.

Sasa ni lazima kueleza jinsi Wachoctaw walivyopata kuwapo Skullyville, maana hapo hapakuwa kwao. Nchi ya mababu zao ilikuwa mashariki, katika jimbo linaloitwa Mississippi, na walikuwa wakulima wa mahindi, maharagwe na maboga. Wazungu walipotaka ardhi ile kwa kulima pamba, serikali ya Marekani, chini ya Rais Andrew Jackson, ilitunga sheria ya kuwahamisha. Katika mwezi wa Septemba, mwaka wa 1830, uliwekwa mkataba wa Dancing Rabbit Creek, na Wachoctaw wakatoa ardhi yao yote iliyobaki mashariki ya mto. Walikuwa wa kwanza kuhamishwa kwa sheria ile.

Uhamisho ulifanywa kwa mafungu, kuanzia mwaka wa 1831 hata mwaka wa 1833. Fungu la kwanza lilikutwa na baridi kali kuliko ilivyokuwa kawaida ya sehemu zile. Theluji ilianguka, mito ikajaa vipande vya barafu, na watu walikwama njiani huko Arkansas, wengine bila viatu wala mablanketi ya kutosha. Mfaransa mmoja, Alexis de Tocqueville, ambaye baadaye alipata sifa kwa kitabu chake juu ya Marekani, alikuwapo Memphis majira yale ya baridi akawaona wakivuka mto. Aliandika juu ya wagonjwa, watoto wachanga na wazee waliokaribia kufa, waliokuwa wakivuka kimya, bila kulia wala kulalamika. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa kipindupindu. Hesabu ya waliokufa haikuwekwa sawasawa, lakini wengi wa waandishi wa historia hutaja watu kama 2,500. Mji ule ule wa Memphis, walipoonekana wakivuka hali wanatetemeka, ndiko kulikotoka waraka wa kuwaomba msaada miaka 16 baadaye.

Jina la Skullyville lenyewe lina maana ya kustaajabisha. Latokana na neno la Kichoctaw la fedha. Mji uliitwa hivyo kwa sababu ndipo palipokuwa na ofisi ya wakala wa serikali, na hapo ndipo Wachoctaw walipolipwa fedha za kila mwaka walizoahidiwa kwa ajili ya ardhi yao. Kwa hiyo mtu akisema kwamba baadhi ya senti zilizopelekwa Ayalandi zilikuwa bei ya nchi iliyopotea, huenda hakosei sana.

Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Meja William Armstrong, wakala wa serikali. Naye alikuwa mmoja wa maofisa waliosimamia uhamisho wenyewe. Waliohudhuria walikuwa wa namna mbalimbali: maofisa, wamisionari, wafanya biashara na Wachoctaw, na gazeti la Arkansas lililotangaza habari ile lilisema kwamba sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa Wachoctaw. Hakuna maandishi yaonyeshayo nani alitoa kiasi gani. Dola 170 za wakati ule zilikuwa kama pauni 35. Kwa fedha za siku hizi ni zaidi ya dola 5,000. Si mali nyingi kama mtu akiitazama katika daftari la kamati kubwa, lakini watu hawa walikuwa bado wakijenga upya nyumba, mashamba na shule zao katika nchi ya ugeni.

Kwa miaka mingi vitabu vilitaja dola 710, na si 170. Yaonekana mwandishi fulani aligeuza tarakimu, na wengine wakanakili kutoka kwake bila kuuliza. Hata leo hesabu ile kubwa husimuliwa. Wachoctaw hawapungukiwi na kitu kwa kuandikiwa hesabu iliyo ndogo lakini ya kweli.

Kuna jambo jingine ambalo masimulizi matamu huliacha, na ambalo wasikilizaji wa Afrika wana haki ya kulijua. Baadhi ya Wachoctaw matajiri walikuwa na watumwa weusi, na waliwachukua watumwa hao katika safari ya kuhamishwa. Walioteswa njiani hawakuwa wa rangi moja wala wa hali moja. Wema wa siku ya tarehe 23 Machi haufutwi kwa neno hilo, wala neno hilo halifutwi kwa wema ule.

Fedha zilipelekwa kwa kamati ya Memphis, kisha New York, ambako kamati kuu ya msaada ilikusanya michango ya kila upande. Huko Dublin kazi ya kugawa ilishikwa zaidi na Waquaker, watu wa dini wenye sifa ya uaminifu na ya kumpa mwenye njaa chakula bila kumlazimisha kugeuza dini yake. Sehemu kubwa ya msaada wa Marekani ilikuwa unga wa mahindi. Mwezi ule ule wa Machi manowari iitwayo Jamestown ilitoka Boston ikiwa imejaa chakula mahali pa mizinga, ikafika bandari ya Cork mwezi wa Aprili. Watu wa Ayalandi hawakuwa wamezoea mahindi, na walipoyala kabla hayajasagwa vizuri wala kupikwa yakaiva waliumwa sana na matumbo. Mama yeyote wa Kenya asongaye ugali angeweza kuwafundisha. Na waliojua zaidi ya wote walikuwa wenyeji wa asili wa Marekani, maana mahindi yalianza kulimwa na watu wa huko kabla ya kufika Ulaya na Afrika.

Baada ya njaa kwisha habari ya Skullyville ilikaa kimya muda mrefu. Ayalandi ilikuwa na vita vyake vya kudai uhuru, na Wachoctaw walikuwa wakipokonywa ardhi yao kwa mara ya pili, nchi yao ilipotiwa katika jimbo la Oklahoma mwaka wa 1907. Lakini katika mwaka wa 1990 viongozi wa Wachoctaw walialikwa katika wilaya ya Mayo, magharibi ya Ayalandi, watembee njia ya Doolough. Katika njia hiyo, mwezi wa Machi mwaka wa 1849, wenye njaa waliambiwa waende kwa miguu hata nyumba ya mbali ili wakaguliwe na wakubwa wa msaada, na wengine wakafa njiani. Mwaka wa 1991 Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini naye alitembea njia hiyo.

Mwaka wa 1992 kikundi kidogo cha watu wa Ayalandi kilikwenda Marekani kutembea njia ya uhamisho wa Wachoctaw kinyumenyume, kutoka Oklahoma mpaka Mississippi. Walinuia kuchanga dola 1,000 kwa kila dola iliyotolewa mwaka wa 1847, na fedha hizo zilikuwa za Somalia, ambako njaa na vita viliua watu wengi mwaka ule na kuwaleta wengine kwa maelfu katika kambi za Kenya. Rais wa Ayalandi, Mary Robinson, alikwenda Somalia mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Aliporudi Nairobi na kusema na waandishi wa habari alishindwa kuzuia huzuni yake. Katika mwaka wa 1995 alikwenda Oklahoma kuwashukuru Wachoctaw uso kwa uso.

Tangu hapo uhusiano umekuwa wa vitendo. Waziri Mkuu Leo Varadkar alizuru Wachoctaw mwezi wa Machi, mwaka wa 2018, akatangaza msaada wa masomo kwa vijana wao wapate kusoma katika Ayalandi. Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Mwezi wa Mei, mwaka wa 2020, Wanavajo, kabila jingine la wenyeji wa asili wa Marekani, walishikwa na ugonjwa huo vibaya kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi ile, na nyumba zao nyingi hazikuwa na maji ya bomba ya kunawia mikono. Mchango ulipofunguliwa kwa ajili yao na jirani zao Wahopi, maelfu ya watu wa Ayalandi walituma fedha, wengi kidogo kidogo, na wengi wakaandika kwamba wanakumbuka tendo la mwaka wa 1847. Walijua vema kwamba Wanavajo si Wachoctaw. Mkuu wa Wachoctaw, Gary Batton, alisema hadharani kwamba watu wake wamefurahi.

Huko Midleton, katika wilaya ya Cork, yasimama kumbukumbu iliyozinduliwa mwezi wa Juni, mwaka wa 2017, mbele ya wajumbe wa Wachoctaw. Ni kazi ya mchongaji Alex Pentek. Manyoya tisa ya tai, ya chuma kisichoshika kutu, yenye urefu wa zaidi ya mita 6, yamepangwa kwa duara na kuinama kidogo kuelekea nje, mfano wa bakuli. Ndani ya bakuli hakuna kitu.