Michoro ya Chuo Kikuu Ifike Nyakabindi

Maonyesho yanayowakutanisha wahitimu wa sanaa na walimu wao si jambo geni Afrika Mashariki. Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji mwaka 1937, ina jumba lake la maonyesho tangu 1969. Mtanzania Sam Ntiro alikuwa pande zote mbili: alisoma hapo, kisha akafundisha. Mchoro wake wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ulinunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York mwaka 1960. Pombe ya ndizi ya Uchagani, New York!

Na Simiyu je?

Mkoa huu, ulioanzishwa 2012, hutajwa zaidi kwa pamba. Lakini Usukuma, ambako Simiyu imo, ulikuwa na wachoraji wake kabla ya vyuo vikuu. Bayeye, mafundi wa nyoka, walichora nyoka na watu kwenye kuta za nyumba zao, na mwaka 1953 mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu kizima kuhusu michoro hiyo. Ukuta wa udongo haudumu. Bila kitabu hicho, mengi yangepotea kabisa.

Bariadi, makao makuu ya mkoa, haihitaji kusubiri jumba la kifahari. Viwanja vya Nyakabindi vimewahi kubeba Nanenane ya kitaifa, maonyesho ya wakulima ya kila Agosti, na mabanda yapo. Mkoa na idara za sanaa za vyuo vyetu watenge banda moja, kando ya pamba na mifugo, wahitimu na walimu waonyeshe kazi zao. Mazungumzo yaanze mapema, Agosti isiwakute mikono mitupu.